Aliyekufundisha Kusoma Asikasirike Ukiuliza

Mwaka 1891 misheni mbili za Kijerumani zilifika Unyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wamoraviani, akiwamo Theodor Meyer, walijenga Rungwe; Walutheri wa Berlin, chini ya Alexander Merensky, walishika upande wa mashariki. Waligawana eneo ili wasigombanie waumini, na wote walifanya kazi moja kubwa: kufundisha watu kusoma. Aliyetaka ubatizo aliingia darasani, akafundishwa kwamba Neno la Mungu lina kauli ya mwisho, juu ya chifu, juu ya mizimu na juu ya desturi. Watu wakaamini. Kisha wakasoma wenyewe, na maswali yakaanza.

Mwanamume mwenye wake watatu alipoomba ubatizo, aliambiwa abaki na mmoja. Kwa Wanyakyusa mke aliolewa kwa ng'ombe. Ng'ombe wale walikwisha kuhama zizi hadi zizi; pengine kaka wa bibi harusi aliwatumia kuoa mke wake mwenyewe. Kumrudisha mwanamke kwao kulimaanisha kuvuruga nyumba kadhaa. Na yeye mwenyewe, asiye na kosa lolote, afungashe vyungu vyake, awaache watoto kwa baba yao, aende kwao kuelezea ameachwa kwa ajili ya Mungu gani.

Msomaji mpya akafungua Biblia na kuuliza: mbona Yakobo na Daudi walikuwa na wake wengi? Lilikuwa swali la haki, na Maandiko yana jibu. Angeonyeshwa machozi ya Hajiri jangwani, uchungu wa Lea, damu iliyomwagika kati ya wana wa Daudi, na maneno ya Yesu katika Mathayo 19 kuhusu ndoa ilivyokuwa tangu mwanzo. Lakini kila palipojibiwa tu kwamba hiyo ndiyo sheria ya kanisa, muulizaji aliondoka na funzo baya: kwamba Biblia ina kauli ya mwisho mpaka pale inapomsumbua mhubiri.

Baadaye wakatokea wa kumpokea muulizaji huyo. Mwaka 1925 Jordan Msumba alianzisha kanisa lake upande wa Karonga, kwa ndugu zetu Wangonde, na mwenye wake wengi alikaribishwa. Miaka ya 1930 African National Church nalo likavuka mto Songwe na kuingia Rungwe na mlango ule ule wazi. Hawakuja na kitabu kingine. Walishika Biblia ile ile iliyofundishwa misheni, ila nao wakaisoma kwa kuchagua: wakamwona Yakobo aliyeoa, wasimsikie Lea aliyelia.

Kosa la upande wa pili nalo tuliangalie. Kusini zaidi, kwa Watonga wa Nyasaland (Malawi ya leo), misheni ya Livingstonia ilimweka mwanafunzi wa ubatizo darasani kwa miaka. Mwaka 1908 akaja Elliot Kamwana, kijana aliyesomeshwa na misheni hiyo hiyo. Alihubiri hadharani na kubatiza papo hapo, na katika muda wa miezi tu maelfu wakabatizwa. Akawaambia kwamba Oktoba 1914 Kristo atarudi, na utawala wa wakoloni pamoja na kodi yao utakoma. Serikali ilimhamisha mwaka 1909. Oktoba 1914 ikafika, ikapita. Kodi ikabaki palepale. Waliokuwa wamejenga imani juu ya tarehe wakabaki hawana pa kusimama.

Ndugu msomaji, mambo haya hayajaisha. Tukuyu leo ina makao ya Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), Rungwe ina Wamoraviani wake, na makanisa ya Kipentekoste yanafunga vipaza sauti vyao kwa ajili ya mikutano ya hadhara. Mwinjilisti mmoja anapita nyumba kwa nyumba kwenye matope, mwingine anahubiri jukwaani mpaka sauti inakauka. Tusigombane juu ya mtindo. Injili imewafikia watu kwa njia zote mbili, na zote mbili zimewahi kupotosha.

Mpime mhubiri kwa namna anavyopokea swali. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama Paulo anasema kweli, na wakasifiwa kwa hilo. Mchungaji anayejibu swali kwa kumtisha mwenye kuuliza kwamba atatengwa, na nabii anayejibu kwamba amefunuliwa yeye peke yake, wanafanya kosa moja: wote wawili wamekaa juu ya Neno badala ya kukaa chini yake. Basi mhubiri akikupa mstari, soma sura nzima. Na wewe uliyepewa kazi ya kufundisha, ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui, kisha keti na aliyekuuliza mkalitafute pamoja.