Haki ya Mtu na Maji ya Jirani

Mwezi wa Agosti 2015 ugonjwa wa kipindupindu ulizuka Dar es Salaam, na mwaka huo huo ukafika Morogoro. Mahali pengi nchini wakuu walikataza kuuza chakula barabarani. Watu wakanung'unika: Je, mtu hana haki ya kutafuta riziki yake?

Haki anayo, Mungu ndiye aliyempa mikono ya kazi. Lakini tutazame mito yetu ya Uluguru. Maji aliyoogea mtu wa juu ndiyo anywayo mtu wa chini. Tena mwenye vijidudu vya kipindupindu aweza kuvieneza siku kadhaa, naye hajisikii mgonjwa. Basi asiseme, Mwili ni wangu na hatari ni yangu. Martin Luther alibaki Wittenberg kuwahudumia wagonjwa wakati wa tauni ya mwaka 1527. Lakini mtu asiyejihadhari, akawaambukiza wengine, alimhesabu kuwa mwuaji.

Walakini liko neno liwapasalo wakatazao pia, nasi pamoja nao. Mama auzaye uji akiinjika chini chungu chake kwa ajili ya afya ya wote, amechukua mzigo wa wote. Usharika ukimsifu kwa utii wake, wala usimpelekee unga, umemdhulumu. Kwa hiyo, wazee na wainjilisti, tangazo la kukataza likisomwa, tuulizane siku ile ile: Nani leo hatauza, na watoto wake watakula nini?