Kapeti ya Miguuni

Mtu akipata gari alilolitamani kwa muda mrefu, hasa haya ya michezo yenye milango miwili na kiti kilichokaa chini karibu na lami, ni nadra kuliacha kama lilivyotoka kiwandani. Ataanza na kifuniko cha usukani. Halafu kapeti mpya zenye uzi mwekundu unaolingana na wa viti, kirungu cha gia cha chuma, vibati vya alumini vya kuvalisha pedali, pengine na nembo ya kung'aa katikati ya usukani. Sioni ubaya katika hamu hiyo. Aliyejinyima miaka ili anunue gari ana haki ya kulirembesha likawa lake kwelikweli.

Lakini miongoni mwa vitu hivyo vidogo kimo kimoja kilichowahi kuteketeza familia, nacho ndicho tunachokidharau kuliko vyote. Ni kapeti ya miguuni. Nasimulia kisa hiki kwa sababu kila nikikisoma sioni mahali ambapo ningeweza kusema kwa uhakika kuwa mimi nisingeteleza.

Kilitokea Marekani, karibu na mji wa San Diego, jimbo la California, Ijumaa jioni ya tarehe 28 Agosti 2009. Askari wa doria ya barabara kuu, ambaye siku hiyo hakuwa kazini, alikuwa amepeleka gari lake la Lexus kufanyiwa matengenezo. Wauzaji wakampa jingine la kutumia kwa muda, Lexus ES 350. Akapanda na mkewe, binti yao wa miaka 13 na shemeji yake. Wakiwa barabarani, gari likashika kasi na halikukubali kupungua. Shemeji akapiga simu ya dharura 911 akaeleza kuwa mafuta yamenasa, breki hazishiki, na mbele yao barabara inaishia kwenye makutano. Simu ilirekodiwa. Mwendo ulikuwa umepita kilomita 160 kwa saa. Wakagonga gari jingine pale kwenye makutano, wakapasua uzio, gari likapinduka na kuwaka moto. Wote wanne walifariki.

Tafakari aliyekuwa nyuma ya usukani. Huyu hakuwa kijana aliyepata leseni jana. Kazi yake ilikuwa barabara. Kama ujuzi pekee ungetosha kumwokoa mtu, yeye angeokoka.

Wapelelezi walipokagua mabaki walikuta kapeti ya mpira, ile nzito ya kuzuia tope na maji, iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya modeli nyingine ya Lexus, RX 400h. Ilikuwa kubwa kuliko nafasi ya miguu ya ES 350, na haikufungwa kwenye vibanio vya sakafuni. Kapeti ya namna hiyo husogea mbele taratibu kila dereva anapoingia na kutoka. Ukingo wake ukifika kwenye ncha ya pedali ya mafuta, hakuna kinachotokea dereva anapokanyaga kidogokidogo. Siku anapokanyaga hadi chini, labda ili kulipita lori, pedali inajibana kwenye mpira na hairudi.

Sasa nije kwenye dalili, maana hapa ndipo kisa kinaponiuma zaidi.

Siku chache kabla ya ajali, gari lilelile, likiwa na kapeti ileile, lilikuwa mikononi mwa mteja mwingine. Kwa maelezo aliyowapa wapelelezi, alikanyaga mafuta ili alipite lori, na alipoinua mguu gari likaendelea kukimbia. Akakanyaga breki kwa nguvu, akaliweka kwenye gia huru, akafanikiwa kusimama kando ya barabara. Alipoinama kutazama akaona kapeti imeikamata pedali. Akainasua. Aliporudisha gari alimweleza mhudumu wa mapokezi.

Hebu tukae hapo kidogo. Mteja alitimiza wajibu wake, alisema. Lakini neno lake liliishia mapokezi. Halikumfikia fundi wa kuinama na kuitoa kapeti ile, kazi ambayo isingechukua hata dakika moja. Gari likapelekwa kwa mteja mwingine likiwa na kasoro ambayo tayari ilikuwa imejulikana na kutajwa kwa mdomo. Mara ngapi mimi na wewe tumemwazima ndugu gari tukakumbuka kumwambia habari ya mafuta na breki ya mkono, ila tukasahau ile kasoro ndogo tuliyoizoea? Tunajua kapeti huwa inapanda, tunaisukuma nyuma kwa kisigino, tunaendelea. Anayeazimwa hajui.

Na onyo lilikuwa limeanza mapema zaidi. Mwaka 2007 Toyota, yenye kumiliki jina la Lexus, iliwahi kuagiza kapeti 55,000 za aina hiyo, za Camry na ES 350, zirudishwe huko Marekani, kwa sababu hiyohiyo ya kunasa pedali. Kwa hiyo miaka miwili kabla ya ajali watengenezaji walijua. Baada ya vifo vile waliwatangazia wenye magari watoe kapeti za upande wa dereva, na mwito ukagusa magari yapatayo milioni 3.8. Pedali za magari hayo zikabadilishwa umbo. Mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani, baada ya kukiri kuwa iliwapotosha wateja kuhusu usalama wa magari yake.

Pengine unajiuliza, askari alishindwaje kusimamisha gari kwa breki? Breki za magari mengi husaidiwa na busta inayotegemea mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Mafuta yakiwa yamefunguka hadi mwisho, mvuto huo hupotea. Unabaki na akiba ndogo, na kila unapoachia breki na kuikanyaga tena unaitumia. Ukipampu mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Wapelelezi walikuta breki za Lexus ile zimeungua kwa joto, ushahidi kuwa zilikanyagwa sana. Tena gari lilikuwa la kuwashwa kwa kitufe, na kulizima likiwa mwendoni kulihitaji kitufe kishikiliwe kama sekunde tatu. Katika gari la kuazima, watu wakipiga kelele, nani angeyajua hayo?

Utasema hiyo ilikuwa sedani ya kifamilia, na wewe una gari la michezo. Ndiyo sababu naliandika hili kwa ajili yako. Lexus ile ilikuwa na injini ya lita 3.5 yenye nguvu farasi 272. Toyota 86 ya mwaka 2012, inayotamaniwa na vijana wengi, ina 200 tu, lakini ni nyepesi zaidi. Subaru Impreza WRX yenye turbo haikupi muda wa kufikiri pia. Zaidi ya hapo, chumba cha miguu cha gari la michezo huwa finyu, na pedali zake hukaribiana kwa makusudi, ili dereva aweze kugusa breki na mafuta kwa mguu mmoja anaposhusha gia. Mahali penye nafasi ndogo namna hiyo, unene wa kapeti moja ya ziada au kibati cha alumini kilichozidi upana vinaweza kuleta madhara makubwa.

Sisi wa Dar, Nairobi au Mombasa tuna jambo jingine la kutuongezea hatari. Magari mengi ya aina hii hutufikia kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kapeti za awali mara nyingi hazipo, au zimechakaa. Kitabu cha maelezo kikiwemo, kimeandikwa Kijapani, na onyo kuhusu kapeti halisomwi na mtu. Tunaingia madukani, Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, tunanunua kapeti ya saizi zote, tunaikata kwa mkasi, tunaitandika juu ya ile ya zamani ili ya chini isichafuke. Vibanio viko pale sakafuni, lakini kapeti mpya haina matundu yake, basi tunaviacha.

Tafadhali usiviache. Leo kabla ya kuwasha gari, fungua mlango wa dereva uchuchumae. Sukuma kapeti mbele kadiri itakavyokwenda. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza pedali ya mafuta kwa mkono hadi chini kabisa, halafu iachie. Itazame inavyopanda. Ikigusa chochote njiani, kapeti hiyo haifai. Usitandike mbili, moja juu ya nyingine. Kama huna ya gari lako yenye kufungika, ni heri uendeshe bila kapeti mpaka uipate. Vibati vya pedali vipime vilevile, uhakikishe havichezi na havikaribii pedali ya jirani.

Siku mafuta yakinasa, Mungu apishie mbali, kanyaga breki mara moja kwa nguvu zako zote na usiachie. Kama gari ni la gia za mkono, kandamiza klachi. Kama ni otomatiki, peleka gia kwenye N. Injini itanguruma vibaya sana, iache ingurume, wewe toka barabarani. Zima gari likishasimama. Ukilazimika kulizima likiwa bado mwendoni, usichomoe ufunguo, kwa sababu usukani utajifunga. Jizoeze haya kwa kuyasema kwa sauti, na umwambie kila unayemwazima gari.

Kuhusu ile nembo ya kung'aa katikati ya usukani nitasema kwa ufupi. Nyuma yake kuna mfuko wa hewa unaofumuka kwa nguvu kubwa mno. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilishatoa onyo baada ya dereva mmoja kupoteza uwezo wa jicho moja, pale nembo ya namna hiyo ilipong'oka wakati wa ajali ikamrukia usoni. Ibandue. Na vifuniko vya viti, kama viti vyako vina mfuko wa hewa ubavuni, uliza kwanza vimeshonwaje upande huo.

Mengine yote, rangi ya uzi, kirungu cha gia, harufu ya ndani, yafurahie. Ila lipo jambo moja ambalo hata mwenye gari mwangalifu hulisahau. Kila tunapopeleka gari kuoshwa, kapeti hutolewa zote, hupigwa sabuni, huanikwa ukutani pamoja na za magari mengine, kisha kijana huzirudisha haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Hafungi vibanio, maana hakuna aliyemwonyesha. Wakati mwingine hurudisha ya gari la jirani. Mshukuru, mlipe, halafu inama uikague kapeti ya dereva kabla hujaondoka, naye umwonyeshe kibanio kilipo na kinavyofungwa.