Je, Kunguru ni Adui wa Mkulima?

Kunguru wetu mwenye kifua cheupe ana mashtaka mengi. Katika bonde la Ruzizi hung'oa mahindi machanga. Ufukoni Uvira huiba ndagala walioanikwa. Basi wako wanaotaka kumtegea sumu. Je, ni haki?

Hata mwizi husikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Kunguru huyohuyo hula panzi, viwavi, panya na mizoga. Hasara yake twaiona. Faida yake hatuioni, maana kiwavi aliyekwisha kuliwa haonekani. Mwaka 1958 serikali ya China iliamuru shomoro waangamizwe kwa kuwa walikula nafaka. Wadudu wakazidi mashambani, na mwaka 1960 shomoro wakaachwa.

Kulinda shamba ni haki, tena ni wajibu wa mwenye watoto wa kulisha. Sanamu shambani na wavu juu ya ndagala humzuia mwizi tu. Lakini sumu haichagui: huua hata mbwa wa jirani na kuku wa mjane. Mungu, anayemlisha kunguru, ametupa sisi akili. Tuitumie kulinda chakula chetu, si kuua ovyo.