Paa ni Lako, Anayeanguka ni Nani?

Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:8



Swali ninaloulizwa sana baada ya ibada, hapa Migori na hata nikivuka kwenda Homa Bay, ni hili: "Pasta, nikiombewa halafu nimeze dawa, si nimekosa imani?" Jibu langu ni fupi. Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Ahadi na dawa zilikaa chumba kimoja bila kugombana. Kwa hivyo omba, meza dawa, shukuru.

Lakini kuna swali ambalo hakuna anayeniuliza. Nikishapata nafuu, ile dawa iliyobaki ni shauri langu peke yangu? Na taka yangu ikishavuka ua, imenitoka?

Tuangalie andiko letu. Mapaa ya Israeli yalikuwa bapa, watu walikaa huko juu. Basi Mungu akaagiza kwamba anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya paa, mtu asije akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Ona hapo: kiwanja ni chako, fundi umemlipa wewe, na bado Mungu anadai ukuta kwa ajili ya mgeni ambaye hata hajafika.

Mimi nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa kwamba kuna gharama zisizoonekana kwenye risiti, kwa sababu anayezilipa si yule aliyenunua. Kumbe Torati ilishalijua hilo zamani.

Chukua dawa ya malaria tunayoita AL. Mtu mzima anapewa vidonge 24 vya siku 3, vinne vinne mara mbili kwa siku. Siku ya pili ikiisha homa imeshuka, anasema, "Niko sawa." Vinane vilivyobaki vinapanda juu ya kabati, vinangoja mtoto augue. Hapo vimelea vilivyobaki mwilini vinapata nafasi ya kurudi, na kesho mtoto atapewa dawa kwa kukisia, bila kupimwa.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alisimulia mfano. Mwanamume anaumwa na koo, ananunua penisilini mwenyewe, anameza kidogo isiyotosha. Vijidudu havifi, vinajifunza kuistahimili. Anamwambukiza mkewe, na mke akipewa penisilini, haimsaidii. Anakufa. Fleming akauliza: ni nani wa kulaumiwa? Huyo mume hakumchukia mkewe hata kidogo. Alijenga paa bila ukuta, basi.

Nasi tumeona dawa ikizeeka. Klorokwini ilitibu malaria kwa miaka mingi, lakini kufikia mwaka wa 1998 Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Dawa inayofanya kazi ni kama kisima cha kijiji. Hakuna mwenye haki ya kukichafua eti yeye ameshakunywa.

Taka ni vivyo hivyo. Tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, na faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4. Lakini sheria haioni nyuma ya jikoni. Chupa zinachomwa jioni, moshi unaingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Daipa zinatupwa mtaroni, mvua inazibeba. Mto Migori unaingia Kuja, na Kuja inamwaga maji yake Ziwa Victoria. Anayetupa hamjui anayechota, lakini Mungu anawajua wote wawili.

Sasa mtu ataniambia, "Pasta, mama mwenye shilingi hamsini atanunua dozi nzima na nini?" Ni kweli. Sitamhukumu anayenunua vidonge vinne kwa sababu hana pesa ya ishirini. Hatia hiyo hairuki ukuta wa kanisa. Kama tunajua dada yetu anameza nusu dozi na sisi tunapanga viti vipya, basi paa lisilo na ukuta ni letu sote.

Kwa hivyo wiki hii, fanya haya. Pima kwanza, ndipo umeze. Maliza dozi ulivyoelekezwa. Usimpe mwingine dawa yako. Zilizobaki au kuisha muda, zirudishe kituo cha afya au duka la dawa, usizitupe chooni wala mtoni. Kinyesi cha daipa kiingie chooni kwanza, kisha uifunge vizuri uiweke kwenye shimo la taka mbali na maji. Na ukijua mtu amekosa pesa ya dawa, mwambie mzee wa kanisa kabla ya Jumapili. Sadaka ina kazi hiyo pia.

Kaini alidhani ndugu yake si shauri lake. Sisi tusiseme hivyo kwa vidonge vyetu, wala kwa moshi wetu.

Bwana atupe macho ya kumwona asiyefika bado. Amina.