Shusha Kipimajoto, Ndugu Yangu!

Amka, mvuvi wa Rumonge, hapa Burundi! Amka, mama unayeanika ndagala, samaki wetu wadogo! Amka, mwalimu uliyefunga kitabu cha fizikia ukakirudisha kabatini!

Ziwa Tanganyika lina homa. Unajua. Umejua tangu nyavu zilipoanza kurudi nyepesi, tangu samaki mukeke alipohama kwenye sahani ya mtoto wako kwenda kwa wenye fedha, tangu maji yalipomeza mchanga uliokuwa ukianikia ndagala. Unajua, na bado unasema: kesho.

Kesho gani?

Kumbuka ulivyopiga mbizi utotoni. Kifuani maji ya uvuguvugu, nyayoni baridi inayouma. Basi uliligusa somo lenyewe kwa ngozi yako! Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Maji ya baridi ni mazito, hukaa chini. Tanganyika ina kina kinachofika mita 1,470, na rutuba inayolisha vijidudu vya maji imelala kule gizani, kusiko na hewa. Kinachoipandisha ni upepo. Kusi huvuma Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu, na ziwa zima huyumba kama maji ya beseni kichwani mwa mama anayepanda kutoka ufukweni. Ziwa likiyumba, rutuba hupanda. Rutuba ikipanda, vijidudu hustawi na ndagala hula. Ndagala wakila, mukeke anayewala hunenepa.

Sasa ongeza moto juu. Tabaka la juu linazidi kuwa jepesi, linang'ang'ania juu, na upepo uleule hauna tena ubavu wa kulichanganya. Chakula kiko chini, mlaji yuko juu, mlango umefungwa!

Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba uoto mdogo unaolisha ziwa huenda umepungua kwa karibu asilimia 20, na kwamba hiyo ingeweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Wapo wataalamu waliobisha, wakasema uvuvi wetu wenyewe ndio mkosaji mkubwa. Wabishane kuhusu samaki. Kuhusu joto, kipimajoto kimeshasema.

Nani aliyewasha moto huo? Mwaka 1896, kule Uswidi, mwanasayansi Svante Arrhenius alikwisha kukokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka angani, dunia hupata joto. Hesabu ilikuwepo. Wenye viwanda wakachoma, wakatajirika, wakaendelea kuchoma. Wewe Mrundi, unayepikia kuni na mkaa, uko miongoni mwa watu wanaotoa hewa hiyo kidogo kuliko wote duniani, na homa imepanda kwako! Usiniambie fizikia haina siasa. Kanuni zake hazina upendeleo, kweli. Lakini nani anachoma, nani anaungua, nani anashika daftari la vipimo: hayo ni mambo ya haki!

Na daftari, ndugu yangu, hukulishika wewe. Kabla ya vita vya 1914 daktari Mbelgiji, Louis Stappers, alipita ziwani humu akipima. Namba za mwaka 1913 ndizo walizorejea wataalamu walipotaka kujua ziwa limepata joto kiasi gani. Mukeke wako, kwa jina la kisayansi, anaitwa Lates stappersii. Samaki wa babu yako amebeba jina la mgeni! Babu alijua ziwa kuliko yule daktari, alijua pepo zake, alijua vilindi vyake, lakini nani alimuuliza? Nani aliandika?

Novemba 2022, kwenye mkutano wa tabianchi huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa hasara na uharibifu unaoletwa na joto hili. Basi utakwenda na nini mbele ya mfuko huo? Machozi? Watakuuliza namba!

Pima! Funga jiwe kwenye chupa yenye kizibo, funga kamba nyembamba kwenye kizibo, kisha funga chupa yenyewe kwenye kamba nene yenye fundo kila mita moja. Shusha mafundo 10. Vuta kizibo, acha chupa ijae, ipandishe upesi, tumbukiza kipimajoto, soma. Saa ileile ya alfajiri, mahali palepale, kila siku. Andika kwa kalamu ya wino. Mwalimu, toa wanafunzi darasani, wapeleke majini! Mwaka mmoja utakuwa na kurasa, miaka 10 utakuwa na shahidi asiyetishika.

Lakini usiende kudai haki huku mikono yako inanuka vifaranga vya samaki. Hapa ndipo wengi wananikasirikia, na wakasirike! Kokoro unalovuta ufukweni, unalivuta juu ya mazalia. Chandarua ulichopewa kumkinga mtoto na malaria, umekishona kuwa wavu. Arrhenius hakukutuma. Wazungu hawakukutuma. Acha kokoro! Rudisha chandarua kitandani! Rudi leo, kabla ya wanao kuuliza ndagala alikuwa samaki gani.

Jua linazama upande wa Kongo. Vijana wanapakia taa za sola mitumbwini. Mwite mmoja, yule anayejua kuandika vizuri. Mpe daftari, mpe chupa, mpe kamba.