Msiyazoee Macho Yanayochoma

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mnaoniita Bibi kwa heshima tu, kaeni niwaambie jambo ninaloliona kila mkija hapa nyumbani: mnafikicha macho mno. Anayetoka ofisini anafikicha, anayeshuka kwenye bodaboda anafikicha, anayekesha na simu kitandani naye vivyo hivyo. Nikiuliza kuna nini, naambiwa, "Kawaida tu, Bibi." Nimefanya uuguzi wa macho mpaka nikastaafu, na "kawaida tu" ndiyo kauli niliyoisikia kwa wengi waliotufikia wakiwa wamechelewa.

Ukavu wa macho si ugonjwa wa kutisha ukiuwahi. Wengi wenu hautawapofusha. Kinacholiharibu jicho ni mambo mawili: kuuzoea ukavu wenyewe, na kuutibu kwa chupa isiyo yake. Hayo mawili ndiyo ninayotaka mtoke nayo hapa leo.

Kwanza, machozi si maji matupu. Chini kabisa, juu ya kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kuna ute unaoyafanya maji yashike. Katikati kuna maji yenyewe, yenye chumvi na kinga dhidi ya vijidudu, yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje. Juu yake kuna mafuta membamba sana, yanayotoka kwenye vitezi vilivyojipanga ukingoni mwa kope. Mafuta hayo yanatanda juu ya maji yasikauke upesi, kama mafuta ya tui yanavyotanda juu ya mchuzi. Kila ukipepesa, utando wote unatandazwa upya. Wengi wenye macho makavu maji wanayo. Wanachokosa ni mafuta, kwa kuwa vile vitezi vimeziba.

Ndiyo maana jicho kavu linaweza kutiririka machozi. Kioo kikichomwa na upepo au moshi, tezi humwaga maji mengi kwa mkupuo, lakini hayana mafuta ya kuyashikilia, yanaishia shavuni na jicho linakauka tena. Mtu anashinda na leso mkononi, kisha anaambiwa ana ukavu, anaona anataniwa. Dalili nyingine ni kuhisi mchanga, kuchoma, wekundu unaozidi jioni, na uoni unaofifia kisha kurudi ukipepesa. Hiyo ya mwisho ishikeni sana. Herufi zikikaa sawa baada ya kupepesa, tatizo huenda likawa machozi, na miwani mipya haitalimaliza.

Sasa madhara yake. Kliniki tulikuwa na kikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya chungwa. Unakilowesha kwa tone la maji safi, unakigusisha ndani ya kope ya chini, mgonjwa anapepesa, kisha unamulika kwa taa ya bluu. Kioo kizima hakishiki rangi. Palipochubuka panang'aa kijani. Mwenye ukavu wa muda mrefu utamkuta na vitone vya kijani vilivyotapakaa, mara nyingi sehemu ya chini, pale ambapo kope hazikutani vizuri. Yeye anahisi mchanga tu. Wewe unaona michubuko. Na mchubuko ni mlango. Bakteria au fangasi wakiupata, panakuwa kidonda. Kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe, na kovu likikaa mbele ya mboni, hakuna miwani ya kawaida itakayokurudishia uoni wako. Wanaofika huko ni wachache, lakini nao walianza na mchanga huu huu mnaoufikicha.

Kuna hatari nyingine ya kimyakimya. Jicho lililokauka kwa miaka linaweza kupoteza hisia zake. Maumivu yakipungua huku uoni unazidi kufifia, hiyo si nafuu. Wahenga walisema mdharau mwiba, guu huota tende; na jicho ni laini kuliko guu.

Nije kwenye chupa. Kijana akichomwa na macho anaingia duka la dawa, anasema, "Nipe dawa ya macho," na muuzaji anampa iliyo karibu. Dawa za kuondoa wekundu hubana mishipa ya damu. Jicho linakuwa jeupe saa chache, ukiacha dawa wekundu unarudi kwa nguvu zaidi. Dawa za kuua bakteria hazina kazi pale ambapo hakuna bakteria wa kuuawa. Lakini ya kuogopwa kuliko zote ni ile yenye steroidi. Inatuliza haraka sana, ndiyo maana watu wanaipenda na kupeana. Ukiitumia wiki baada ya wiki bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda na kuua mshipa wa fahamu pasipo maumivu yoyote, na mtoto wa jicho anaweza kukuota ukingali kijana. Ikikuta kidonda cha fangasi au cha virusi, inakichochea. Someni kibandiko: mkiona deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, hata kama imechanganywa na dawa nyingine, hiyo ni steroidi. Madaktari huitumia kwa baadhi ya wenye ukavu mkali, lakini kwa muda mfupi na kwa vipimo.

Na majani ya kukamulia, asali, maziwa ya mama na mkojo, tafadhali, jichoni hapana. Nimempokea mkulima aliyekamuliwa majani na jirani mwenye nia njema kabisa. Alikuja na jicho ambalo awali lilikuwa linawasha tu. Aliondoka na kovu.

Basi mfanye nini? Wewe unayeshinda kwenye kompyuta, jua kwamba mtu hupepesa takribani mara 15 kwa dakika, na mbele ya skrini idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Tena huwa hafumbi kope zikakutana. Weka skrini chini kidogo ya usawa wa macho, ili jicho lisibaki limekodoa. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na katika muda huo fumba macho polepole, kope zigusane. Feni na kiyoyozi visikupulize usoni, hasa ukiwa umelala.

Wewe wa bodaboda, kioo cha helmeti kinashushwa. Hakikuwekwa kuwa pambo. Kama kimevunjika, tafuta miwani inayoziba hadi pembeni. Na ninyi mnaopika kwa kuni au mkaa, jikoni pawe na upenyo wa moshi kutokea, nanyi mkae upande upepo unakotokea.

Kwa vitezi vilivyoziba, dawa ni joto. Chukua kitambaa safi, kiloweshe maji ya moto ambayo ngozi ya ndani ya mkono wako inayavumilia, kikamue, ukiweke juu ya kope ulizofumba. Kikipoa, kiloweshe tena, mpaka zitimie dakika 5 hadi 10. Kisha kanda kope taratibu kuelekea ukingoni, ya juu ukishusha, ya chini ukipandisha, halafu futa magamba na uchafu kwenye mashina ya nywele. Fanya asubuhi na jioni. Usitegemee nafuu kesho, hesabu wiki.

Matone yanayofaa kuanzia ni yale yanayoitwa machozi ya bandia, yenye vitu kama hipromelosi, kamelosi au hayaluroneti. Ukijikuta unayahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi, maana kihifadhi chenyewe huchubua jicho kikizidi. Nawa mikono, tazama juu, vuta kope ya chini, dondosha tone moja, ncha ya chupa isiguse kitu, kisha fumba macho dakika moja. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Nyingi hazivuki mwezi mmoja, hata zikibaki nusu.

Kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki mnavyouziana kwa bei kubwa: utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha waliovitumia kwa mwaka mzima na waliopewa mafuta ya zeituni, na haukuona tofauti ya maana katika dalili za ukavu. Kula dagaa na samaki kwa sababu ni chakula kizuri. Pesa ya vidonge nunulia machozi ya bandia.

Wakati mwingine jicho linasemea mwili. Mwanamke wa makamo mwenye macho makavu, mdomo mkavu kiasi cha kuhitaji maji kila tonge, na viungo vinavyouma, apimwe ugonjwa wa Sjögren, unaoitwa kwa jina la daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliyeueleza kwa kina mwaka 1933. Ni mwili kuzishambulia tezi zake wenyewe. Kisukari na baridi yabisi navyo hukausha macho. Vivyo hivyo vidonge vya mzio, baadhi ya vya presha, na vya sonona. Msiviache kwa sababu nimesema hivyo, mwambieni aliyewaandikia. Na aliyepooza upande mmoja wa uso, jicho lake likawa halifumbi usiku, huyo asingoje hata wiki, maana kioo kinabaki wazi mpaka asubuhi.

Wazazi, ukavu wa mtoto mdogo ni jambo jingine na ni la haraka. Mtoto anayejikwaa giza likiingia wakati wenzake wanaona, au mwenye mabaka ya povu jeupe kwenye weupe wa jicho, huenda amepungukiwa vitamini A. Surua humzidishia, na kioo chake kinaweza kuyeyuka katika muda mfupi. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wasiougua, wapeni matone ya vitamini A kila miezi sita tangu miezi sita hadi miaka mitano, na sahani isikose mchicha, matembele, papai au viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

Mwisho, yapo mambo ambayo hayasubiri kitambaa wala machozi ya bandia: maumivu makali, mwanga usiovumilika, uoni uliopungua ghafla, doa jeupe kwenye kioo, usaha. Anayevaa lenzi za machoni akiona wekundu wenye maumivu, azitoe na aende hospitali siku hiyo, na asilale nazo wala kuziosha kwa maji ya bomba hata siku moja.

Wengine wote, mnaohisi mchanga na kuchoma tu, jipeni mwezi mmoja wa joto, kupepesa na machozi ya bandia. Pasipo nafuu, nendeni kliniki ya macho, na chupa zote mlizowahi kutumia mzifunge kwenye mfuko mwende nazo, hata zile mlizoazima. Dukani msiseme tena "nipe dawa ya macho." Ulizeni ina nini ndani, ina steroidi au haina, na ikifunguliwa inakaa siku ngapi. Muuzaji akikasirishwa na maswali hayo, hamieni duka jingine. Mungu awahifadhie macho yenu, nanyi mumsaidie kwa sehemu yenu.