Wajukuu zangu, lijueni jiwe jeusi

Wajukuu zangu wa Kalinzi, nasikia wengi wenu mnataka kwenda kutafuta madini. Sina kinyongo na safari hiyo. Ila nawaomba, kabla hamjashika sururu, mlijue kwanza jiwe jeusi lisilo na bei sokoni. Ndani yake mna piroksini, madini yaliyojenga sehemu kubwa ya miamba ya dunia. Asiyeyajua atapita juu ya mwamba wa nikeli akidhani ni kokoto, na atauza shamba la kahawa bila kujua anauza nini.

Okoteni jiwe jeusi, zito, lililopasuka karibuni, mlitazame juani kwa kioo cha kukuzia. Tafuteni punje nyeusi au za kijani kibichi kilichokolea. Piroksini ikipasuka, nyuso zake hukutana kwa pembe inayokaribia mraba, nyuzi 87 na 93. Amfiboli, madini yanayofanana nayo na ambayo huwachanganya wengi, hupasuka kwa nyuzi 56 na 124. Sababu imo ndani kabisa: silikoni na oksijeni zimejipanga katika minyororo mirefu, mmoja mmoja, na baina ya minyororo hiyo hukaa chuma, magnesiamu na kalsiamu.

Jinsi miamba inavyozaliwa mtaielewa kwa mawese. Asubuhi ya baridi hapa milimani, mawese kwenye chupa hujigawa: mazito huganda na kushuka, mepesi hubaki juu. Magma nayo, yaani uji wa mawe yaliyoyeyuka, haigandi yote kwa mara moja. Mara nyingi olivini, madini ya kijani, hutangulia, kisha hufuata piroksini. Zikizama huondoka na magnesiamu na chuma, na uji unaobaki huzidi kuwa na silika, hata mwishoni huweza kutoa mawe meupe yenye kwatsi. Mwanajiolojia Norman Bowen aliyathibitisha haya kwa majaribio ya tanuru, akaueleza mpangilio huo mwaka 1922. Magma ile ile ya mwanzo ikimwagika juu na kupoa upesi huwa bazalti. Ikipoa polepole chini huwa gabro, yenye punje mnazoweza kuziona kwa macho.

Na ushahidi hauko mbali. Kusini mwa Kigoma, upande wa Ziwa Tanganyika kuelekea Mahale, kuna mwamba wa Kapalagulu. Ni magma iliyojipenyeza ardhini takriban miaka milioni 1,400 iliyopita, ikaganda tabaka juu ya tabaka: chini olivini na piroksini kwa wingi, juu zaidi gabro. Mwanajiolojia W. J. Wadsworth aliandika juu yake mwaka 1963, na baadaye watafiti wakautoboa wakitafuta nikeli na platini. Kabanga kule Ngara na Musongati kule Burundi ni miamba ya ukoo huo. Nikeli katika miamba ya namna hii mara nyingi haikutawanyika ovyo. Ilikusanywa na salfidi, misombo mizito ya sulfuri iliyozama, kwa hiyo anayeweza kusema tabaka hili ni la piroksini na lile ni la gabro anajua yuko wapi katika mwamba. Mwenye sururu peke yake hajui. Hata watafuta almasi hufuatilia punje za kijani za daiopsidi yenye kromiamu, aina ya piroksini iliyopandishwa na kimbalaiti, mwamba unaobeba almasi, kutoka kilindini.

Lakini ninalolijali zaidi ni shamba. Piroksini haistahimili mvua kwa muda mrefu kama kwatsi. Maji yenye asidi hafifu huila, huachia kalsiamu na magnesiamu, na chuma chake hupata kutu na kuupaka udongo rangi nyekundu. Kwatsi haiozi, hubaki mchanga. Mkipanda kutoka Mwandiga kuja huku na kuendelea Manyovu, utazameni udongo njiani. Penye mawe ya mchanga ni mwepesi, maji hupita tu. Katika nyanda hizi za Kigoma kuna pia lava kongwe za bazalti ambazo wanajiolojia huziita lava za Gagwe, zenye umri wa karibu miaka milioni 800, na mwamba wa namna hiyo ukioza hutoa udongo mzito, wa kina.

Msidanganywe na wekundu, hata hivyo. Mvua iliyouachia udongo chakula ndiyo hiyo hiyo inayokisomba, na udongo mwekundu uliochujwa kwa karne nyingi huweza kuwa mchachu na wenye rutuba haba. Jani kuukuu la mbuni likigeuka manjano katikati ya mishipa, huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi mti unakosa magnesiamu. Pelekeni udongo ukapimwe kabla ya kununua mbolea kwa kubahatisha, na ulizeni wataalamu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa. Chimbeni makingamaji kwenye miteremko. Udongo unaoporomoka leo kuelekea ziwani ulichukua maelfu ya miaka kutengenezwa, na hakuna mbolea itakayoturudishia kina chake.

Mnaopenda mawe kwa dhati, msikimbie fizikia na kemia, na wasichana nawaambia hivyo hivyo. Masomo ya madini yanapatikana Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha jiolojia. Atakayerudi na elimu hiyo, namwomba kazi moja: atuchoree ramani ya kata yetu inayoonyesha lava ilipo na mawe ya mchanga yalipo, shamba kwa shamba, aibandike ofisini kwa mtendaji ambapo kila mkulima ataiona.